Mtungi Wenye Kitambaa Chekundu

Watu wa sinema walipofika kijijini kwetu Wema walikuja na sanduku la dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi, na sanduku lilitiwa mawe ili lizame, lakini walilibeba watu wanne kana kwamba limetoka ikulu. Nilisimama ukingoni nikiwatazama, nikasema moyoni kwamba hawa Mto Tana utawafundisha adabu. Sikujua kwamba wa kufundishwa adabu wiki ile nilikuwa mimi, Godhana, niliyezaliwa hatua mia tatu kutoka majini.

Sinema yao iliitwa Zama Ufe. Nabil, mkubwa wao, kijana wa Mombasa mwenye kofia asiyoivua hata akila, alinieleza kisa chake huku akichora mchangani kwa kijiti. Zamani mfalme fulani alikimbia vita akazamisha dhahabu yake mtoni. Sasa mpiga mbizi shujaa anaitafuta dhahabu, na majambazi wenye boti ya injini wanamtafuta yeye. Shujaa anazama, analiona sanduku, analifunga kamba, na upande wa pili wa kamba anafunga boya ili ajue pa kurudi. Majambazi wanafika, wanakata kamba, boya linachukuliwa na maji, na shujaa anabaki hajui azame wapi.

"Na chini ya maji mtapigaje picha?" nilimwuliza. "Huu mto ni rangi ya chai ya maziwa."

"Chini ya maji tumeshapiga, mzee. Kwenye bwawa la hoteli, Malindi. Hapa tunataka juu tu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe mto wangu ulikuwa umeajiriwa kuwa kifuniko cha bwawa la hoteli.

Hata hivyo walinipa cheo. Niliitwa mshauri wa mto, na nilikipenda cheo hicho kuliko ninavyotaka kukubali. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumjengea shujaa uzio. Kwetu mahali pa kuchotea maji huzungushiwa vigingi vilivyopigiliwa karibu karibu, ili mama akiinama na ndoo yake mamba asimfikie. Basi nilikata miti, nikapigilia nusu duara pana kwenye kona ya mto, nikafunga kwa kamba za miaa. Humo ndani ndimo shujaa angezama na kuibuka, na picha ingepigwa kwa namna ambayo vigingi visionekane.

Shujaa mwenyewe aliitwa Oliver. Alikuwa kijana wa Nairobi mwenye misuli mpaka shingoni, na kila asubuhi kabla ya kuingia majini aliniuliza swali lile lile.

"Mzee, una uhakika mamba haezi pita hapo?"

"Mamba wa hapa wananijua," nilimjibu. "Wakitaka kupita wataniomba ruhusa kwanza."

Hakucheka hata siku moja.

Siku ya tatu, Jumatano, ilikuwa zamu ya boya. Walikuwa wamekuja na boya jipya la rangi ya machungwa. Nabil alilitazama majini, akavua miwani, akasema linafanana na kitu cha hoteli. Alitaka kitu cha hapa, kitu ambacho mtu wa mto angekitumia kweli.

"Mtungi," nikasema. Mshauri lazima ashauri. "Ngoja nikuletee."

Hapa nieleze jambo ambalo mtu wa bara huenda asilijue. Tangu mafuriko makubwa ya mwaka 2023, hakuna nyumba ya Wema isiyo na mitungi ya plastiki ya manjano darini. Maji yalipokuja mara ile yalichukua vitanda, yakachukua mbuzi, na mabaya zaidi yalichukua karatasi: vyeti, vitambulisho, kadi za kliniki. Mtu aliokoka na mwili wake lakini serikalini hakuwa mtu. Tokea hapo kila mwenye akili anakunja karatasi zake, anazifunga kwa nailoni, anazitia kwenye mtungi mkavu, anakaza kifuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na anautundika. Maji yakija, mtungi unaelea. Ukikuta nyumba yako yote imekwenda, angalau jina lako linaelea mahali.

Kwangu ilining'inia minne. Mmoja una mbegu za mpunga. Miwili ni mitupu, ya kuwaelesha watoto na mbuzi maji yakija ghafla, ingawa watoto wamekua na mbuzi walikwenda na mafuriko. Wa nne ni wa karatasi, na mke wangu Hulda aliufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kuushikia ili usichanganywe. Aliniambia habari ya kitambaa hicho, tena si mara moja. Niseme ukweli: nilimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Hulda hakuwapo nyumbani. Alikuwa Minjila kwa mkaza mwana wetu aliyejifungua, na angerudi Jumamosi. Niliingia, nikapima mitungi kwa mkono. Wenye mbegu ulikuwa mzito, nikauacha. Mitatu ilikuwa myepesi, nikaitikisa, hakuna kilicholia. Kumbe Hulda alikuwa amejaza vitambaa ndani ili karatasi zisicheze. Nikaibeba yote mitatu mpaka kwenye kona ya mto, nikaipanga mbele ya Nabil kama muuza maembe, achague.

Akachagua wa kitambaa chekundu. "Huu, mzee! Rangi hii itaonekana kwenye maji ya kahawia. Umefikiria sana."

"Nilifikiria," nikasema.

Saa nne asubuhi walipiga picha ile. Oliver alizama, akaibuka, akafunga mtungi upande wa nje wa vigingi, akaogelea kando. Boti ya majambazi ikaja kwa kishindo. Ilikuwa boti ya Faki, Mswahili wa Kipini, mtu mwembamba mwenye ndevu za mvi, ambaye walimkodi yeye na injini yake. Jambazi akainama na kisu, akakata kamba. Mtungi ukazunguka mara mbili, ukashika mkondo, ukaenda zake.

"Poa sana!" Nabil akapiga makofi. Kisha akageuka. "Faki, ufuate ule mtungi, turudie mara moja nyingine."

Hapa ndipo niliposema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku nageuka upande wa pili. "Uacheni uende," nikasema, na nikapunga mkono kama tajiri. "Ni mtungi tu. Ninayo mingine."

Saa nane mchana binti yangu Pauline alifika kutoka Garsen.

Niwaambie huyu Pauline ni nani. Alimaliza chuo cha ualimu miaka saba iliyopita, na kwa miaka saba amesubiri kuajiriwa. Anauza mahamri na chai kwenye stendi ya Garsen, na abiria wakimwita "we mama wa chai" huitika kwa upole, kisha hurudi kusahihisha madaftari ya watoto wa jirani bure. Kila orodha ilipotoka jina lake halikuwamo. Wiki ile lilikuwamo. Aliitwa Hola kwa mahojiano siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, aje na vyeti vyake halisi. Nakala hazikubaliwi, asiye na vyeti halisi arudi nyumbani. Na kutafuta vyeti vipya ni habari ya miezi, pengine mwaka.

Alinipita pale ukumbini nikila, akaniamkia, akaingia ndani, nikasikia akisogeza kigoda. Akatoka, mikono mitupu.

"Baba, mtungi wa kitambaa chekundu uko wapi?"

Ugali ulikuwa mdomoni. Sikuweza kuumeza wala kuutema. Nikauona ule mkono wangu uliopungwa asubuhi kama mkono wa tajiri.

"Upo mtoni," nikasema.

"Mtoni wapi?"

Nikamweleza. Sikumaliza, kwa sababu uso wake ulinizuia. Angenitukana ingekuwa nafuu. Aliketi tu kizingitini, akashika magoti yake, akasema polepole, "Miaka saba, baba."

Niliacha sahani nikakimbia. Mtu wa miaka hamsini na minane, na nilikimbia mpaka kwenye kona ya mto, Pauline nyuma yangu. Kwa Nabil nilitaka kitu kimoja tu: boti. Mtumbwi wangu usingeufikia mtungi uliotangulia kwa saa nne nzima. Boti yenye injini ilikuwa moja, ya Faki, na wakati ule ilikuwa katikati ya mto na majambazi wawili ndani yake, ikisubiri amri.

"Mzee, pole sana," Nabil akasema, na kweli macho yake yalionyesha huruma. "Nipe saa mbili. Jua likishuka nimepoteza siku nzima, na kesho Oliver anarudi Nairobi."

"Saa mbili mtungi utakuwa Ozi. Kutoka Ozi ni bahari."

"Saa mbili tu, mzee wangu."

Basi nikashikwa na hasira, na nisijifanye sikuifurahia. Niliingia majini na nguo zangu, nikashika kigingi cha kwanza cha uzio wangu, nikaking'oa, nikakitupa ukingoni. Nikang'oa cha pili. Oliver alikuwa humo ndani, maji kifuani, amevaa miwani yake ya kuzamia, akisubiri kupigana.

"Unafanya nini, mzee?" akauliza.

"Nachukua vijiti vyangu," nikasema. "Mamba wakija, zungumza nao mwenyewe."

Nikang'oa cha tatu. Sijawahi kuona mtu akitembea juu ya maji, lakini siku ile nilimwona mtu akikaribia kufanya hivyo. Oliver alifika nchi kavu kabla kigingi hakijaanguka, na kutoka huko juu kabisa, karibu na jenereta, akapaza sauti, "Nabil, mpe boti! Mpe huyu mzee boti, jo!"

Nusu ya Wema ilikuwa imekuja kutazama, ikacheka mpaka ikashika mbavu. Kisha wakamwona Pauline amesimama pale bila kucheka, wakauliza kuna nini, wakaambiana, na kicheko kikakatika chote.

Faki alisogeza boti. Tulipanda mimi na Pauline, majambazi wakashuka. Nabil alitutupia chupa za maji na mkate. "Nenda, mzee. Nitapiga picha za miti," akasema. Nilimsamehe hapo hapo kofia yake.

Tuliteremka mto saa tisa. Faki alikaa kwenye injini, mimi mbele, Pauline katikati akitazama ukingo wa kushoto huku nami nikitazama wa kulia. Mto Tana chini ya Wema umejipinda sana, unaweza kuupita mti mmoja mara tatu. Kila kilichokuwa cha manjano kilinipasua moyo. Kwenye kona moja niliuona mtungi umenaswa kwenye magugu, nikapiga kelele, Faki akazima injini, nikajitupa nusu mwili nje ya boti nikaushika. Ulikuwa boya la wavu wa mtu, wenye tope na majani, na wavu wenyewe ulikuja nao pamoja na kambare mmoja aliyenitazama kwa dharau. Nikaurudisha.

Mbele kidogo viboko walikuwa wameziba mto. Waliinua vichwa saba, wakatupima. Faki alipunguza mwendo akakumbatia ukingo, polepole, injini ikinong'ona, na dume mmoja akazama upande wetu. Nilihesabu pumzi zangu. Pauline alinishika shati kwa nyuma kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo nikimvusha mto kwenda shule. Yule dume aliibuka nyuma yetu, akafungua mdomo, akaufunga. Sikuona tena raha ya kuitwa mshauri wa mto.

Jua lilipotua tulikuwa Ozi, mikono mitupu. Faki akasema hatembezi boti gizani kwenye viboko kwa cheti cha mtu yeyote, hata kiwe cha urais. Tukalala kwa shangazi yake. Au tuseme wao walilala.

Asubuhi saa moja nilishuka ukingoni peke yangu. Mto ulikuwa unakimbia kuelekea baharini, mwepesi, umejaa majani na vijiti. Nikatazama vijiti vile vikienda, nikajua. Mtungi wetu ulikuwa umepita usiku. Kama si Kipini ulikuwa tayari baharini, unaelea kwenda India na jina la mwanangu ndani. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Pauline, na maneno ya kumwambia Hulda, ambaye ana presha, ambaye aliuza kuku wake mmoja mmoja mtoto yule asome.

Faki akaja na kikombe cha kahawa, akasimama kando yangu.

"Wauliliani mto?" akauliza.

"Huoni unavyokimbia? Kila kitu kimekwenda."

"Sasa wakimbia. Usiku haukuwa hivi. Huu mwezi ni wa bamvua, maji makuu, mzee." Akanitazama, akaona sielewi, akatabasamu. "Nyinyi wa huko yuu mwajua mto waenda ndia moja. Huku si hivyo. Bahari ikijaa, husukuma mto nyuma. Maji huya yuu, yakapanda, yakaingia mashamba ya mpunga. Wenyewe hufungua midomo ya mifereji yaingie, kisha wakayafungia umo kwa umo. Mtungi wako jana tuliupita mahali, umejificha. Usiku umefika hapa, maji yalikuwa yaya yuu, yakipanda. Ungepita wapi?"

Nilikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Niliichukulia kuwa porojo la watu wa pwani, kwamba mto unarudi nyuma. Nilimtazama Faki, nikataka kumbusu.

Tukamwamsha Pauline, tukaanza mifereji kwa miguu. Wa kwanza ulikuwa na majani. Wa pili ulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto. Wa tatu ulikuwa mrefu, unakata mashamba, na tulipofika nusu yake Pauline alisimama ghafla akanishika mkono. Mwisho wa mfereji, kwenye mdomo wake, palikuwa na mti mrefu uliopigiliwa ardhini. Juu ya mti kitu cha manjano kilining'inia, na kwenye mkono wake kitambaa chekundu kilikuwa kikipepea.

Nilikimbia. Niliteleza, nikaanguka kwenye tope, nikainuka, nikakimbia tena. Chini ya ule mti alikuwa mama mmoja, kanga imefungwa kiunoni, tope mpaka magotini, akiziba mdomo wa mfereji kwa udongo. Baadaye nilimjua jina, Mwanamize.

"Simama hapo hapo," akasema bila kuinua kichwa. "Unakimbilia nini?"

"Ule mtungi, mama. Ni wangu."

"Wako. Na ndani mna nini?"

Nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijui. Nilijua ni vyeti, lakini vingapi, vya nini, vimekaaje, hayo alijua Hulda. Mwanamize aliniangalia kwa jicho la mtu aliyeshika mwizi. Pauline akafika.

"Shikamoo, mama," akasema huku akihema. "Ni vyeti vyangu. Cha kuzaliwa, cha darasa la nane, cha kidato cha nne na cha ualimu. Vimekunjwa pamoja, vikafungwa uzi wa kijani, na uzi umefungwa kwenye kifuniko ili ukikivuta vitoke. Mama yangu ametia karafuu mende wasile."

Mwanamize alinyoosha mgongo, akaosha mikono mferejini, akautungua mtungi, akampa Pauline mwenyewe, si mimi.

"Nimeukuta alfajiri ukigonga udongo wangu," akasema. "Mtungi uliokazwa hivi haufunguliwi. Hutundikwa mahali pa kuonekana, mwenyewe aje. Maji yaliyofuata yale makubwa yalichukua wa kwangu. Uliokotwa Kipini, nikaukuta umetundikwa mlangoni mwa msikiti, hata mpira haujaguswa. Sasa ufungue nione."

Mpira ulimshinda Pauline. Mwanamize akamsaidia kwa meno. Kifuniko kikazunguka, uzi wa kijani ukatoka, na nyuma ya uzi nailoni, na ndani ya nailoni karatasi zilizokunjwa, kavu kabisa, zinanukia karafuu. Pauline alizikunjua moja moja, akasoma jina lake kwenye kila moja kwa sauti ya chini, kama anayeita rejista darasani na mwanafunzi ni mmoja.

Niliketi kwenye tope la Ozi nikalia waziwazi, mbele ya Faki, mbele ya mama nisiyemjua, na sikuona aibu hata kiasi cha ncha ya sindano. Pauline akaja akaketi kwenye tope kando yangu, amekumbatia mtungi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka naye.

"Mwalimu," Mwanamize akamwambia, "mtoe baba yako kwenye mpunga wangu. Ataukandamiza."

Hakuna aliyekuwa amemwita Pauline mwalimu kwa miaka saba.

Njiani kurudi tulikubaliana: Hulda asiambiwe. Presha yake ilitosha bila habari hii. Siku ya pili Pauline alikwenda Hola, akaonyesha vyeti, na mmoja wa waliomhoji akauliza kwa nini vinanukia pilau. Jumamosi Hulda aliporudi aliukuta mtungi umening'inia mahali pake. Aliugusa, akauliza nani amefunga fundo hili baya, nikasema ni Pauline. Miezi miwili baadaye barua ya kazi ilikuja. Na Wema nzima, iliyoona vigingi vikirushwa na kujua kila kitu, ilinyamaza kwa ajili ya presha ya Hulda kwa muda wa miezi mitano, jambo ambalo kijiji chetu hakijawahi kulifanya kwa siri yoyote.

Mwezi wa tano tangu siku ile Nabil alitimiza ahadi aliyotuachia, akaja kutuonyesha sinema. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Madirisha ya kanisa yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa mbele, na watu wakajaa mpaka mlangoni. Pauline alikuja kutoka shuleni kwake, amevaa sketi ya ualimu, akakaa kulia kwa mama yake. Mimi nilikaa kushoto. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijua picha ile imepigwa, ila Nabil alikuwa ameniambia picha nyingi hukatwa, nami nikaamini ninachotaka kuamini.

Shujaa alizama kwenye bwawa la Malindi, akaibuka kwenye Mto Tana, watu wakashangilia. Majambazi wakaja na boti ya Faki. Kisu kikatoka. Kamba ikakatwa. Na juu ya lile shuka, mkubwa kama ng'ombe, ukatokea mtungi wa manjano wenye kitambaa chekundu, ukazunguka mara mbili, ukashika mkondo.

Kanisa zima likasimama.

"Ushikeni!" mtu akapiga kelele. "Mtungi! Ushikeni mtungi wa Pauline!"

"Godhana, ruka!" mwingine akaitika, na wazee, akina mama, hata mchungaji, wote wakawa wanapiga kelele na kunyoosha mikono kuelekea shuka. Kisha, mmoja mmoja, wakakumbuka. Sauti zikafa. Wakaketi, na vichwa vyote vikageuka kutazama safu yetu.

Hulda hakuwa amesimama. Macho yake yalikuwa kwenye shuka, kwenye kile kitambaa alichokifunga kwa mkono wake, kikizidi kuwa kidogo, kikienda. Akaupapasa mkono wangu bila kuutazama, akaukamata. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Baba Pauline," akasema. "Ule ni mtungi wangu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Wa vyeti?"

"Ndiyo. Ni mimi niliyewapa. Nisamehe."

Kitambaa kikapotea nyuma ya kona. Pauline alikuwa ubavuni mwake, amevaa sketi ya kazi, chaki ya Ijumaa bado ipo kwenye kucha zake, na Hulda hakumwona. Moyoni alikuwa amekwisha kuingia mtoni kuufuata.

"Ulipatikana?" akauliza.

"Ulipatikana, mama," Pauline akasema, akamshika mkono ule mwingine. "Ulipatikana Ozi."

Hulda akafumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, mabega yakashuka, na vidole vyake vikaanza kupata joto mkononi mwangu. Kule mbele shujaa alikuwa ameinua sanduku la dhahabu juu ya kichwa chake, muziki unalia, na kanisani hakuna aliyekuwa akimtazama.